Maji yameingia ndani: ukaushe mwenyewe, uite fundi, au uite kampuni?

Maji yameshatolewa, sakafu imedekiwa, na nyumba inanuka tope. Hapo ndipo mashauri yanapoanza kugongana. Shemeji anasema fungua madirisha, washa feni, wiki moja yatakuwa yamekwisha. Jirani ana fundi wake wa kubandua lipu na kupiga nyingine. Kwenye simu imetumwa namba ya kampuni yenye mashine za kukaushia. Kila mmoja anaweza kuwa amesema kweli, ila kwa nyumba tofauti na kwa maji tofauti.

Kuna jambo linalopotosha wengi tangu mwanzo. Maelezo mengi ya kukausha nyumba yanayopatikana mtandaoni yanahusu nyumba za Marekani, ambako ukuta ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa jipsamu. Ukuta wa namna hiyo ukilowa, jipsamu inakatwa, mashine zinawashwa, na siku chache baadaye kazi inaendelea. Nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji, lipu pande zote mbili, skimu (tabaka jembamba la kulainisha), kisha rangi. Tofali halioozi, lakini linakunywa maji na kuyaachia taratibu mno. Kanuni ya kazini kwa zege ni takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, tena hewa ikiwa nzuri. Kwa hiyo ukuta wa tofali la inchi 6 uliolala majini siku mbili usitarajie ukauke ndani ya wiki, hata umlipe nani. Uso utakauka, rangi itaonekana sawa, na ndani ya tofali maji yatakuwa bado yapo.

Kabla ya kuchagua chochote

Zima swichi kuu ukiwa umesimama mahali pakavu. Kama swichi yenyewe iko upande wenye maji, usiifuate. Piga simu shirika la umeme wakate kutoka nje. Usiwashe friji, pampu wala mashine ya kufulia iliyolowa "ili tu kuona kama inafanya kazi". Motor yenye maji inaweza kuungua mara ile ile unapoijaribu, na fundi wa friji angeweza kuiokoa kama ingefunguliwa na kukaushwa kwanza.

Piga picha kila kitu kabla ya kutupa: mstari wa maji ukutani, godoro, kabati, mahali maji yalipotokea. Weka rula au ndoo kwenye picha ili kina kionekane.

Vigezo vya kuamulia

La kwanza ni maji yenyewe. Maji ya bomba au tanki ni safi. Maji ya bafuni na ya kufulia ni machafu kiasi. Maji yaliyorudi kutoka chemba au karo la choo, na maji yoyote ya mafuriko yaliyopita barabarani, ni maji hatari, hata yakionekana meupe. Huenda yamebeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya mgunda, ule ugonjwa uliozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Vimelea vyake huingia hata kwenye mchubuko mdogo wa mguu.

La pili ni saa. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa. Maji safi yaliyolala siku mbili chini ya zulia hayahesabiki tena kuwa safi.

La tatu ni kile kilichokunywa maji. Vigae na terazo havina neno, mradi maji hayakupita chini yake. Mlango wa mninga utavimba kisha utarudi. Mlango wa flashi, ule wenye plaiwudi mbili na uwazi katikati, utaachana. Kabati la jikoni la MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, likishavimba kwenye miguu halirudi kamwe. Hakuna mashine wala fundi wa kulirudisha. Dari ya jipsamu iliyobonyea ishushwe kabla haijajishusha yenyewe.

La nne ni hewa ya mahali ulipo, na hili husahaulika. Dodoma kipindi cha kiangazi, dirisha wazi ni mashine ya kukaushia tosha. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Aprili, hewa ya nje imejaa maji kiasi kwamba nguo zenyewe zinalala kambani siku mbili. Ukiacha madirisha wazi usiku kucha katika hali hiyo, unaurudisha ndani unyevu uliohangaika kuutoa mchana.

La tano ni anayelipa: wewe, mwenye nyumba, au bima.

Njia ya kwanza: kukausha mwenyewe

Maji yanayofaa njia hii ni yale safi, yaliyokaa chini ya siku moja, katika chumba kimoja au viwili, ukuta ukiwa umelowa pungufu ya futi moja. Tanki limefurika kwa sababu boya limekwama, kiungo cha bomba chini ya sinki kimeachia, mtu amesahau koki mgao uliporudi: haya yote unayamudu.

Kazi yenyewe. Anza kwa hesabu, maana inasaidia kujua kama ndoo na dekio vinatosha. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14. Kila sentimita moja ya kina ni lita 140. Maji ya sentimita 5 ni lita 700, yaani ndoo 35 za lita 20. Zaidi ya hapo tafuta pampu ndogo. Sukuma maji kwa mpira wa kudekia kuelekea mlango wa chini kabisa, kisha kausha kwa tambara, siyo dekio, kwa sababu dekio huacha utando wa maji unaojificha kwenye miunganisho ya vigae.

Vuta kila kitu kutoka ukutani, walau hatua moja. Inua miguu ya makabati juu ya vipande vya tofali, fungua milango, toa droo. Kama kuna skatingi za mbao, zing'oe. Nyuma yake ndiko maji hukaa. Feni ya kusimama ielekezwe ipepee sambamba na ukuta, kama upepo unaopita ubavuni. Ikiupiga ukuta uso kwa uso, inakausha duara moja na kuacha kwingine. Feni mbili za wati 60 zikifanya kazi saa 24 zinakula chini ya uniti 3 za umeme kwa siku, kwa hiyo ziache ziendelee hata usiku.

Madirisha yafunguliwe jua linapopanda, tuseme saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, yafungwe kabla ya magharibi. Ukiwa na kiyoyozi, kiweke kwenye hali ya kukausha, funga chumba, na uache bomba lake la maji litiririke kwenye ndoo nje. Kuona ndoo ikijaa kunakuambia kazi inaendelea. Usiwashe kiyoyozi na kufungua madirisha kwa wakati mmoja.

Ukuta ukishaonekana mkavu, upime. Kata nailoni nzito mraba wa sentimita 45, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne bila kuacha mwanya, iache saa 24. Bandika tatu: moja sentimita 10 kutoka sakafuni, moja kwenye kona iliyokuwa nyuma ya kabati, moja juu kabisa ambako maji hayakufika. Ile ya juu ndiyo mizani yako. Ukibandua ya chini ukakuta vitone vidogo upande wa ndani, na rangi ya ukuta pale imekuwa nzito kuliko pembeni, tofali bado linatoa maji. Rudia kila wiki. Jaribio hili halina gharama na ni la kuaminika zaidi kuliko kiganja cha mtu yeyote.

Muda. Sakafu siku mbili hadi nne. Ukuta, panga wiki nne kabla ya kufikiria rangi, na pwani wakati wa masika panga zaidi.

Gharama ni umeme, nailoni, na mgongo wako. Hakuna risiti kubwa.

Inapokwama ni pale usipoona. Gonga vigae kwa kipini cha bisibisi: vinavyolia utupu vimeachana na sakafu, na huenda maji yamelala chini yake. Godoro la sponji la inchi 8 lililonyonya maji linaweza kuonekana kavu juu huku katikati likichuruzika ukilikalia. Likilowa maji safi lisimamishwe kwa ubavu juani na kugeuzwa kila saa mbili, na kama siku ya tatu bado linanuka, liachie liende. Madoa meusi ya ukungu usiyafagie yakiwa makavu, utayarusha chumba kizima. Yalowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, sugua, futa.

Njia hii inamfaa mwenye muda wa kukaa nyumbani siku tatu za mwanzo na mwenye subira ya kuishi na ukuta mbaya kwa mwezi. Haimfai mwenye mtoto wa pumu anayelala chumba hicho hicho.

Njia ya pili: kuita mafundi

Tuanze na jambo ambalo fundi mwenyewe hatakuambia usipomuuliza: fundi mwashi hakaushi nyumba. Anabandua kilichoharibika na kujenga upya. Hiyo ni kazi muhimu, lakini ni nyingine.

Maji yanayofaa njia hii ni yale yaliyosababishwa na jengo lenyewe. Bomba la plastiki la PPR linalotoa jasho ndani ya ukuta, paa lililofichwa kwa ukuta wa pembeni ambalo gata lake la ndani limejaa majani, sakafu ya bafu ya ghorofani inayodondosha kwenye dari ya chini, unyevu unaopanda kutoka msingini. Hapa kukausha bila kuziba chanzo ni kuchota maji ya bahari. Pia njia hii inafaa kama hatua ya pili baada ya mafuriko, lipu ikiwa imelegea.

Kazi yenyewe inategemea mpangilio. Wa kwanza ni fundi bomba au fundi paa, kuondoa chanzo. Wa pili ni fundi umeme. Soketi zetu nyingi ziko sentimita 30 hadi 45 kutoka sakafuni, kwa hiyo hulowa mapema, na maji hubaki ndani ya mabomba ya nyaya muda mrefu baada ya ukuta kukauka. Afungue kila soketi iliyofikiwa, abadilishe zilizoshika kutu, apulize mabomba, kisha apime nyaya kwa mega, kifaa cha kupima kama nyaya zinavujisha umeme, ya volti 500. Kila sakiti isome walau megaohm 1. Fundi asiye na mega asikuwashie umeme, hata kama ni mtu wa familia. Wa tatu ni mwashi, wa mwisho ni fundi rangi.

Mwashi abandue lipu kuanzia sakafuni hadi sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa maji, kwa sababu maji hupanda ndani ya tofali kuliko alama inavyoonyesha. Na hapa kuna faida ambayo watu huipoteza: ukuta ulio uchi hukauka haraka zaidi kuliko wenye lipu na rangi. Ukishabandua, usipige lipu kesho yake. Uache uchi wiki mbili tatu, feni ikipita.

Lipu mpya ni saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu tano au sita, unene wa milimita 12 hadi 15. Mchanga uwe wa mto, uliooshwa. Mchanga wenye chumvi ya bahari utakutesa miaka, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani na ukuta utalowa kila masika bila mvua kuugusa. Lipu inyweshwe maji kwa siku kadhaa ili ishike vizuri. Maana yake ni kwamba umeuongezea ukuta maji mengine. Kutoka hapo hesabu tena wiki nne kabla ya skimu na rangi.

Inapokwama ni haraka, karibu mara zote. Fundi rangi anataka kumaliza, mwenye nyumba anataka wageni wa sikukuu wakute nyumba safi, skimu inapigwa juu ya ukuta mbichi. Wiki ya sita hivi unaona malengelenge madogo juu ya soketi. Ukiyapasua kwa ukucha, rangi inatoka kama ngozi ya kitunguu, na chini yake kuna unga mweupe wenye ladha ya chumvi: ni chumvi ya saruji na mchanga iliyobebwa na maji yanayotafuta njia ya kutokea. Rangi ya mafuta hufanya hali iwe mbaya zaidi kwa sababu haipumui kabisa. Vivyo hivyo dawa za kuzuia maji zinazopakwa upande wa ndani: hazizuii chochote, zinayapandisha maji yatokee futi mbili juu zaidi. Kama unyevu unapanda kutoka msingini, dawa iko nje, kwenye mifereji, kwenye mwinuko wa ardhi, na kwenye tabaka la kuzuia unyevu ambalo huenda halikuwekwa.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe Zanzibar na Lamu, zina sheria yake. Ukuta ule uliundwa upumue kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji umeufunga mdomo. Unyevu unabaki ndani, unaozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, na siku moja dari inashuka. Tafuta fundi wa chokaa, na kwa Mji Mkongwe pitia kwanza kwenye mamlaka yake kupata ruhusa ya ukarabati.

Gharama. Kwa kawaida unanunua vifaa mwenyewe na kulipa ufundi, ama kwa mita ya mraba au kwa maelewano ya kazi nzima. Andikianeni hata kwenye karatasi ya daftari: eneo gani, vifaa gani, lini. Bakiza sehemu ya malipo hadi wiki nne baada ya kazi, na umweleze fundi mapema kwamba hayo ndiyo makubaliano, asije akadhani umemdhulumu.

Muda, kutoka kubandua hadi rangi, ni miezi miwili kama kazi inafanywa kwa haki.

Njia hii inamfaa mwenye nyumba anayejua chanzo kiko ndani ya jengo na anayeweza kusimamia mafundi wanne kwa zamu.

Njia ya tatu: kampuni ya usafi na ukaushaji

Maji yanayofaa ni yale hatari, au yale mengi: chemba imerudisha ndani, nyumba nzima imezama, sakafu ya chini ya ardhi imejaa, sakafu ni ya mbao, au jengo ni la biashara na kila siku ya kufunga ni hasara.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, huenda hivi. Wanavuta maji kwa pampu, kisha kwa mashine ya kunyonya inayotoa hata yaliyo ndani ya zulia. Wanatoa na kutupa kisichookolewa. Wanaosha kwa sabuni, ndipo wanaua vijidudu. Wanafunga madirisha, wanawasha feni kubwa za sakafuni pamoja na mashine za kukausha hewa, zile zinazonyonya unyevu wa chumba na kuutoa kama maji kwenye bomba. Kila siku wanapima ukuta, mbao na hewa, wanaandika, na wanalinganisha na sehemu kavu ya nyumba hiyo hiyo. Wanazima mashine vipimo vinapokaribiana, siyo tarehe inapofika.

Katika miji yetu kampuni nyingi zinazojitangaza kwa kazi hii ni kampuni za usafi: zinaosha mazulia, zinapuliza dawa za wadudu, zinafanya kazi nzuri hapo. Kukausha jengo ni jambo jingine. Kabla ya kusaini uliza: mashine yenu ya kukausha hewa inatoa lita ngapi kwa siku? Ndogo za nyumbani ni lita 10 hadi 20. Kwa nyumba iliyozama unataka kubwa kuliko hizo, au nyingi. Mna kipimo cha unyevu, na nitapewa karatasi ya vipimo vya kila siku? Uchafu wa chooni mnaupeleka wapi? Na umeme nani analipa?

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mashine moja ya wati 700 na feni kubwa tatu za wati 300 ni wati 1,600. Kwa saa 24 ni uniti 38.4. Siku tano ni uniti 192, kwenye mita yako ya LUKU, na kama hukuongeza, saa nane usiku kila kitu kinazimika na unyevu unarudi. Umeme ukikatika na wakaleta jenereta, ikae nje, mbali na madirisha. Gesi ya sumu iliyo ndani ya moshi wake haina harufu ya kukuamsha kabla haijakuua.

Muda. Mashine hukaa siku tatu hadi saba. Ndani ya siku hizo hewa, sakafu, mbao na uso wa ukuta vinaweza kufika pazuri. Kiini cha tofali kitahitaji wiki zake, ila sasa kinakauka bila ukungu kuota. Anayekuahidi ukuta wa tofali "mkavu kabisa" kwa siku tatu mwombe akuonyeshe vipimo, na ujue kwamba kipimo cha unyevu cha sindano, kinachochomekwa ukutani, hudanganyika kwenye ukuta wenye chumvi: husoma juu hata pakiwa pakavu. Ndiyo maana kile cha nailoni kinabaki na kazi yake hata kampuni ikiwepo.

Gharama huhesabiwa kwa mita ya mraba, au kwa mashine kwa siku. Ile ya pili inamshawishi mtu aache mashine muda mrefu kuliko lazima, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba siku huongezwa kwa vipimo. Dai risiti ya EFD, bima itaihitaji.

Inapokwama ni pale harufu inapofunikwa kwa manukato badala ya kuondolewa, dawa inapopulizwa juu ya tope ambalo halijaoshwa, au kampuni inapokausha vizuri na kuondoka huku bomba likiendelea kuvuja. Kampuni haizibi chanzo. Fundi bado anahitajika.

Njia hii inamfaa mwenye bima, mwenye nyumba ya kupangisha inayokaa bure, na yeyote ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mzee.

Kwa hali yako

Tanki limefurika usiku, umeamka ukakuta maji, vigae kila mahali: kausha mwenyewe, leo. Kesho mwite fundi bomba abadilishe boya. Kampuni hapa ni kupoteza hela.

Doa limekuwa likikua ukutani wiki kadhaa na hujui linatoka wapi: fundi bomba kwanza. Funga koki zote, soma mita ya maji, subiri saa moja bila kutumia tone, soma tena. Ikisogea, bomba linavuja. Isiposogea, tazama paa, bafu, bomba la majitaka na msingi.

Chemba imerudisha chooni na maji yamefika sebuleni: kampuni, kama unaimudu, baada ya gari la kunyonya majitaka kulipunguza karo. Kama huimudu, watoto watoke, vaa buti za mpira na glovu ndefu, funika kila kidonda. Tupa godoro, zulia na mito iliyoguswa, usijishauri. Osha sakafu na ukuta kwa sabuni hadi maji ya kusuuza yawe meupe. Ndipo upake jiki: ile ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ikae dakika 10, suuza. Jiki haifanyi kazi juu ya uchafu, ndiyo maana sabuni inatangulia. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Gesi yake inachoma mapafu.

Mafuriko ya masika yamepita nyumba nzima na fedha ni kidogo: gawanya kazi. Tope na vitu vya kutupa fanya na ndugu na majirani, kwa buti na glovu zile zile za maji ya chooni. Fedha uliyonayo iende kwa fundi umeme mwenye mega. Lipu ibanduliwe, ukuta ubaki uchi hadi mvua ziishe. Ukuta wa Dar utaanza kukauka kweli Juni. Kupiga lipu Aprili ni kuilipia mara mbili.

Una bima ya nyumba: piga simu kabla ya kutupa chochote, kisha endelea kutoa maji bila kumsubiri mkaguzi, kwa sababu sera nyingi zinakutaka uzuie hasara isiongezeke. Bomba lililopasuka ghafla mara nyingi hulipwa. Uvujaji wa taratibu wa miezi mara nyingi haulipwi, kwa hiyo tarehe kwenye picha zako zina thamani.

Umepanga: mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu wenye picha. Vitu vyako kausha mwenyewe. Lipu, bomba na paa ni vyake, na usikubali kutozwa gharama ya ukarabati wa ukuta ambao hukuulowesha.

Nyumba ina mtu wa pumu na harufu ya ukungu haijaondoka baada ya wiki mbili za feni: mhamishie chumba kingine usiku huu, kisha ita kampuni yenye mashine ya kukausha hewa kwa chumba hicho kimoja tu. Chumba kimoja, siku nne, ni gharama tofauti kabisa na nyumba nzima, na wengi hawajui kwamba inawezekana kuomba hivyo.